Mayai Yamehamishwa, Ufukwe Je?

Kilomita nane hivi kutoka Pangani, baharini, kuna fungu la mchanga liitwalo Maziwe. Maji yakipwa linajitokeza, jeupe, na mashua za watalii zinatia nanga kandokando yake. Maji yakijaa limezama. Vijana wengi wanaopeleka wageni huko hawajawahi kuliona likiwa na hata mti mmoja, ila wazee wao wanakumbuka kisiwa: ardhi kavu, mivinje mirefu, kivuli cha kumpumzisha mvuvi anayesubiri upepo ugeuke. Watafiti waliofika pale miaka ya 1970 walikihesabu kisiwa hicho miongoni mwa mahali muhimu zaidi pa kutagia kasa katika pwani nzima ya Tanzania. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, miti ilikuwa imekwisha na kisiwa kimekwenda na maji.

Kilichokimaliza kimebishaniwa tangu hapo. Wapo wanaolaumu shoka, wapo wanaolaumu mawimbi na mikondo iliyobadilika, na inawezekana vyote viwili vilisaidiana. Mimi sioni namna ya kuusoma mkasa wa Maziwe bila kukubali jambo moja: mchanga usioshikwa na mizizi ni mchanga ulio safarini.

Kasa hawakuacha kuja. Jike wa kasa, akishapevuka, hurudi kutaga katika eneo alikoanguliwa yeye mwenyewe, na kupevuka kwake huchukua miaka 20, 30, wakati mwingine zaidi. Piga hesabu. Kasa aliyeanguliwa Maziwe mwaka 1975, mivinje ikiwa bado imesimama, pengine alirudi kutaga kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Alizunguka bahari miaka yote hiyo, akaokoka papa, akaokoka jarife, akafika nyumbani usiku akakuta fungu linalofunikwa na bamvua. Akapanda, akachimba, akataga, akafukia, akarudi majini. Mayai yakafurikwa. Yai la kasa linapumua kupitia ganda lake. Likikaa kwenye mchanga uliojaa maji, kilichomo ndani kinakosa hewa kinakufa.

Ndiyo maana watu wa Ushongo, kijiji cha wavuvi kilichopo bara, kusini mwa mji wa Pangani, waliingia kazini. Wakishirikiana na Sea Sense, shirika lililoanza huko Mafia mwaka 2001 kama mradi wa kulinda kasa na nguva, walizoea kwenda Maziwe maji yakipwa, kutafuta alama za mburuzo juu ya mchanga, kufukua kiota kwa mikono na kuyavusha mayai hadi ufukwe wa kijijini kwao, mahali ambapo maji hayafiki.

Msomaji asidhani hiyo ni kazi ya nguvu tu. Kiota cha kasa kina mdomo mwembamba na tumbo pana kama mtungi, na anayechimba kingine badala yake lazima alifuate umbo hilo na kina kile kile. Ndani yake mna mayai mia moja na kitu, yote meupe, yote laini. Saa chache za kwanza baada ya kutagwa, yai linaweza kubebwa. Baadaye kiini cha uhai kinajishika upande wa juu wa ganda, na tangu hapo anayeligeuza yai amelimaliza, hata kama lengo lake lilikuwa kuliokoa. Kwa hiyo mtu wa doria anatakiwa awahi, abebe bila kutikisa, upande wa juu ubaki juu, ayafukie kwa mchanga wenye unyevu ule ule, kisha aandike: tarehe, mahali, idadi. Halafu kuna ulinzi wa siku 50 hadi 60 dhidi ya mbwa, kenge, kaa, na binadamu mwenye kikapu. Wengi wanaofanya haya ni wavuvi, wakulima wa minazi na kina mama wa kijijini, na malipo yao, pale yanapokuwepo, ni posho ndogo.

Hii ni kazi ya kweli, nami sina neno la kuipunguzia. Ninalo neno kwa sisi wengine, hasa kwa wenye mihuri na saini, tunaopenda kupigwa picha siku watoto wa kasa wanapoachiwa wakimbilie majini. Kuhamisha mayai ni hatua ya dharura. Kisiwa cha Maziwe kilipozama, palikuwa na Ushongo pa kupelekea. Ushongo nako kukiharibika, ndoo za mayai zitapelekwa wapi?

Swali hilo si la kutisha watu. Tazama fukwe zetu kuanzia Tanga hadi Mtwara, ujiulize ni ngapi ambapo jike wa kasa anaweza leo kupanda usiku, akafika juu ya mstari wa maji makuu na kutaga bila kukwama. Anahitaji vitu vichache: mchanga wenye kina cha kutosha, mteremko asioshindwa nao, giza, na nafasi. Vyote vinne tunavipunguza, na mara nyingi anayevipunguza ana kibali mkononi.

Tuanze na mchanga. Mchanga wa ufukwe unaletwa na mito, unasukumwa na mawimbi ya kusi na ya kaskazi, unahama na kurudi kila mwaka. Ukiuzuia njiani, ufukwe unakonda. Kunduchi, Dar es Salaam, imetufundisha hili kwa gharama kubwa: mchanga ulichotwa kwa malori kutoka kwenye mabonde ya vijito vinavyoshuka baharini, ufukwe ukakosa cha kula, bahari ikasogea, na hoteli maarufu ya Africana ikabaki magofu. Miaka mingi imepita, na bado lori la mchanga linapita barabarani bila mtu kuuliza umetoka wapi. Ujenzi wa nyumba zetu unahitaji mchanga, sikatai. Lakini kuna mchanga wa machimbo yaliyopimwa na kuna mchanga wa mdomo wa mto, na halmashauri inajua tofauti yake.

Kisha ukuta. Mwenye kiwanja cha ufukweni akiona bahari inamkaribia anajenga ukuta wa zege. Namwelewa, maana fedha yake iko nyuma ya ukuta ule. Ila wimbi linalogonga ukuta linarudi na nguvu zake na kuondoka na mchanga wa chini ya ukuta, na upande wa jirani asiye na ukuta ndipo bahari inapohamia. Kasa akigonga ukuta huo usiku hugeuka bila kutaga, au hutaga chini ya mstari wa maji, na hapo tumemtengenezea Maziwe nyingine kwa mikono yetu.

Giza ndilo tunalolisahau zaidi, kwa sababu kwetu taa ni maendeleo. Watoto wa kasa hutoka mchangani usiku na kuelekea kule kunakong'aa, na kwa mamilioni ya miaka kunakong'aa kumekuwa baharini, ambako anga hukutana na maji bila kizuizi. Siku hizi kunakong'aa ni baa ya hotelini. Wanapanda juu badala ya kushuka, wanazunguka hadi asubuhi, jua linawakausha na kunguru wanawamaliza. Dawa yake haihitaji mfadhili: taa zielekezwe chini, zifunikwe upande wa bahari, ziwe za mwanga mwekundu au wa manjano iliyokolea, na zizimwe pasipo na kazi. Viti na vitanda vya wageni viondolewe mchangani jua likizama. Nimewasikia wenye hoteli wakisema wageni watalalamika. Wageni hao hao husafiri na kulipa ili waone kasa mmoja akitaga. Wakielezwa watazima wenyewe.

Kwenye miti nataka nitulie kidogo, maana hapa nia njema inahitaji maarifa. Baada ya kusikia habari ya Maziwe, mtu yeyote angesema: tupande mivinje pwani nzima. Na kampeni za kupanda miti tunazipenda. Zina fulana, zina mgeni rasmi. Lakini mvinje uliopandwa karibu mno na mstari wa maji, kwenye ufukwe wa kutagia, mizizi yake huweka wavu pale ambapo jike anataka kuchimba, na ukianguka shina linamfungia njia. Kivuli nacho kinabadilisha kiota. Jinsia ya kasa haiamuliwi siku ya kutungwa kwa yai. Inaamuliwa na joto la mchanga. Nyuzi joto 29 hivi ndipo mizani inaposimama: mchanga ukiwa baridi zaidi ya hapo madume huzidi, ukiwa moto zaidi majike huzidi. Kaskazini mwa miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia, utafiti uliotoka mwaka 2018 ulikuta kwamba miongoni mwa kasa wachanga waliotoka fukwe zile zenye joto, asilimia 99 walikuwa majike. Dunia inavyozidi kupata joto, kivuli kidogo kinaweza kuja kuwa msaada mahali fulani na hasara mahali pengine.

Kwa hiyo wanaorudisha ufukwe katika hali yake wanatakiwa kuuliza kwanza nini kilikuwa kinaota pale. Mbele kabisa, karibu na maji, panastahili mimea itambaayo, ile yenye maua ya zambarau ambayo watoto wetu huikanyaga wakienda kuogelea bila kuijali. Inashika mchanga bila kumzuia kasa. Nyuma yake vichaka. Miti mirefu nyuma zaidi, na hapo ina faida ya ziada: inaweka kiwingu cheusi upande wa nchi kavu, watoto wa kasa wakajua kwamba huko siko. Kuondoa taka ni sehemu ya kazi hiyo hiyo. Vipande vya nyavu, chupa na kandambili vinavyoletwa na kusi vinamziba jike njia ya kupanda na kuwaziba watoto njia ya kushuka. Ila taka ziokotwe kwa mikono. Trekta la kukwangua ufukwe linaondoka na mimea pamoja na plastiki, na magurudumu yake yanaushindilia mchanga juu ya viota ambavyo hakuna aliyeviona.

Kuna wanaouliza kama Maziwe yenyewe haiwezi kurudishwa. Raine Island huko Australia, ambako maelfu ya kasa hutaga, ilikuwa na tatizo linalofanana: viota vilikuwa vikifurikwa. Wakapeleka mashine, wakasogeza mchanga wa kisiwa, wakainua ufukwe, na viota vikabaki vikavu kwenye sehemu iliyoinuliwa. Ni jambo linalowezekana pale ambapo kisiwa bado kipo na serikali ina fedha. Kwa Maziwe, ambayo haina tena ardhi ya kushikilia mchanga, naona ni afadhali fedha yoyote itakayopatikana ielekezwe kwanza kwenye fukwe za bara ambazo bado ni nzima. Kulinda ni rahisi mara nyingi kuliko kufufua.

Na sheria tunayo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka baharini. Meta 60! Ukanda huo ungeheshimiwa, viota vyetu karibu vyote vingekuwa salama dhidi ya zege, kwa sababu kasa hapandi mbali. Hutaga juu kidogo ya mstari wa maji makuu, pale mimea inapoanzia. Lakini pita pwani uhesabu majengo yaliyomo ndani ya meta hizo, na mengine yamejengwa baada ya mwaka 2004. Kijana wa kujitolea anaweza kumkimbiza mbwa. Hawezi kuvunja ukuta wa mwenye hoteli, wala hana mamlaka ya kuuliza hati ya kiwanja. Mzigo huo tumeuacha juu ya mabega yasiyo yake.

Hapa nitajibu hoja ninayoisikia mara kwa mara, kwamba uhifadhi ni anasa ya wageni na mwananchi anahitaji ajira. Watu wa pwani hawakufundishwa kasa na wageni. Kitabu cha safari za baharini cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja magamba ya kasa aina ya ng'amba yakiuzwa kutoka pwani hii, pamoja na kisiwa kiitwacho Menouthias ambako watu waliwanasa kasa kwa matenga. Babu zetu walimvua kasa kwa chazo, yule samaki anayejibandika: anafungwa kamba mkiani, anaachiwa, anamng'ang'ania kasa, mvuvi anavuta. Mtu aliyejua hivyo alijua kasa anapita wapi, anapanda lini, mwezi ukiwaje. Maarifa hayo hayakupotea. Ndiyo yanayofanya doria ya kijiji ione kiota pale mtaalamu wa mjini anapoona mchanga mtupu.

Tena mazoea ya kumla kasa yana hatari ambayo haitangazwi vya kutosha. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu tisa walifariki baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao wakiwa watoto, na wengine 78 wakalazwa hospitalini. Sumu ile huweza kuwamo katika nyama ya kasa bila dalili yoyote, na kupika hakuiondoi. Familia zile zilikula chakula walichokizoea.

Kuhusu ajira, Mafia imetangulia. Sea Sense iliweka utaratibu wa kumlipa anayeripoti kiota, na kumwongezea kadiri mayai yanavyoanguliwa salama, na wizi wa mayai ukapungua sana. Katika kisiwa cha Juani wageni hulipa ili kushuhudia watoto wa kasa wakitoka, na sehemu ya fedha hiyo inarudi kijijini. Watamu, Kenya, tangu mwaka 1997 wanalinda viota, na mvuvi aliyenasa kasa wavuni bila kukusudia anapiga simu, kasa anachukuliwa, anapimwa, anawekewa alama na kurudishwa baharini, naye mvuvi anapata fidia ndogo ya muda wake. Wapo wanaosema malipo yanaua moyo wa kujitolea. Siwaafiki. Mtu anayelala ufukweni wiki nane kulinda mali ya taifa, huku watoto wake wanadaiwa michango shuleni, hadaiwi moyo zaidi ya huo. Anastahili mshahara, na ungepaswa kutoka kwenye tozo zinazokusanywa kwa wageni wanaokuja kutazama bahari hiyo hiyo, usitegemee mfadhili ambaye mradi wake huisha baada ya miaka mitatu.

Oktoba 2025 zilikuja habari njema. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwondoa kasa wa kijani katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, kwa kuwa idadi yake duniani imepanda. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu ya namna itakavyosomwa maofisini. Wastani wa dunia hautagi Ushongo. Ng'amba, ambaye naye hutaga kwetu, bado yumo katika daraja la hatari kubwa kabisa. Na kule alikoongezeka kasa wa kijani, haikuwa bahati. Aldabra, Ushelisheli, ulinzi ulianza mwaka 1968, wakati viota kwa mwaka vilikuwa kati ya 2,000 na 3,000. Nusu karne baadaye vilipita 15,000. Miaka hamsini ya kutokuchoka, katika kisiwa kisicho na viwanja vya kuuza.

Sisi viwanja tunavyo, na vinauzwa sasa hivi. Ardhi ya ufukweni kuanzia Kigamboni hadi Pangani imepanda bei, barabara ya lami ya pwani inawaleta wawekezaji karibu zaidi, na hilo lina heri yake kwa watu waliokaa miaka mingi bila barabara. Ndiyo sababu jambo ninaloliomba ni dogo na la haraka. Madaftari ya watu wa doria yana kumbukumbu ya viota kwa zaidi ya miaka ishirini: mahali, tarehe, idadi ya mayai, waliotoka salama. Hakuna mpimaji wa ardhi mwenye ramani bora kuliko hiyo ya sehemu ambazo zege halipaswi kufika. Halmashauri za wilaya za pwani zichukue kumbukumbu hizo, zichore sehemu za kutagia juu ya mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, ziweke nguzo za meta 60 zinazoonekana kwa macho, na zisitoe kibali cha ujenzi wala cha kuchimba mchanga bila kuitazama ramani hiyo. Na kikao cha kugawa viwanja kikiitishwa, mtu wa doria wa kijiji husika aitwe, apewe kiti na haki ya kusema, na maneno yake yaandikwe katika muhtasari.